Kruza ya Kumpeleka Akaale Kanisani

Jumatano, 11 Juni 2025. Lodwar

Nimeamua. Jumamosi ya wiki ijayo Akaale anaolewa, na atafika kanisani juu ya kruza, pikipiki kubwa ya kifahari, nyuma yangu. Si ndani ya gari jeupe la Adome.

Niandike vizuri, maana mambo haya yatakuja kupotoshwa. Akaale ni binti wa marehemu kaka yangu, Amuria. Kaka hayupo, kwa hiyo baba ni mimi, Lokuruka. Adome ni mjomba wake, ndugu ya mama yake. Mjomba ana nafasi yake kwenye harusi, na nafasi hiyo iko karibu na sufuria za nyama. Lakini tangu anunue gari, hakuna bibi harusi wa mtaa wetu wa Napetet aliyefika kanisani bila yeye. Jana kwenye kikao cha familia alisema atampeleka Akaale bure, kama zawadi. Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikasema usafiri wa bibi harusi nimeshaupanga.

Nilikuwa sijaupanga.

Leo nimeupanga. Kakuma kuna Mayen, mfanyabiashara wa Sudan Kusini, anauza kruza. Nimeiona kwenye simu. Nyeusi, ndefu, kiti cha chini kama sofa, mikono mipana kama pembe za fahali. Boda boda zote za Lodwar zikipangwa kando yake zitaonekana baiskeli.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeuza mashine kubwa ya fotokopi ya dukani kwangu. Imebaki ndogo, ile inayotafuna karatasi. Mama Ekidor, mke wangu, aliuliza watu wakija dukani kutoa nakala za vitambulisho nitawapa nini, nitawazungusha na pikipiki?

Sasa mpango. Kakuma kuna fundi Mkongomani, Anatole, anayesifiwa mpaka huku. Nimempigia simu. Nimemwambia kesho, mbele ya Mayen, aitafutie ile kruza kasoro nyingi iwezekanavyo, hata za kubuni, ili bei ishuke. Mimi nitakunja uso kama mtu aliyevunjika moyo. Anatole akasema yeye hasemi uongo juu ya pikipiki. Nilicheka mpaka nikaketi. Mtu anayeweza kusema hivyo kwa sauti kavu namna ile ni mwigizaji hodari.

Ijumaa, 13 Juni. Kakuma

Ni yangu. Naandika nikiwa nyumba ya wageni, kruza iko nje ya dirisha, naona kioo chake kimoja.

Mayen ni mtu mrefu, mpole, ana duka la simu. Nilimwamkia, nikaipitia kruza kama vile ni ng'ombe wa mtu mwingine. Nikamuuliza kwa nini anaiuza. Akasema amechoka kuisukuma. Nikashtuka, halafu nikamwelewa. Muuzaji anayeponda mali yake anataka kukufukuza, kwa sababu ana mnunuzi mwingine njiani. Hila ya kale.

Anatole akafika na sanduku lake. Akachuchumaa, akagusa, akanusa. Halafu akaanza.

“Papa, hii moto haiko muzuri,” akasema. Wao pikipiki huiita moto. “Betri imekufa. Breki ya nyuma haiko. Springi ya mbele inatapika mafuta. Na injini, ikipata joto, inazima, hautaiwasha tena mpaka ipoe.”

Mambo manne, bila kupepesa jicho. Nikakunja uso. Nikapiga ulimi. Kwa siri nikamkonyeza aongeze. Akaongeza kwamba kama ni yeye, hata bure hachukui. Hapo nikaona anazidisha kidogo.

Mayen akasema, “Fundi anasema kweli, ndugu yangu.” Na akapunguza bei mwenyewe, kabla sijafungua mdomo. Sijawahi kuona mtu akinaswa kwa urahisi hivyo. Nilimhurumia kidogo.

Cheti cha umiliki kina jina lake, tumeandikiana, mashahidi wawili. Nje nilimpa Anatole ujira wake na kumpongeza kwa kazi. Akauliza kama nimesikia alichosema. Nikamwambia kila neno.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika Lodwar. Kilomita mia na ushee. Wengine huchukua saa mbili. Mimi nimechukua saa tisa.

Kwanza Mayen na jirani zake walinisukuma mpaka ikawaka. Baada ya hapo ilikuwa raha. Upepo, lami, milima kwa mbali, wachungaji wa mbuzi wakigeuza shingo. Nikasimama kwenye vibanda fulani kununua maji, ili watu waitazame vizuri. Ikazima. Nikabonyeza starta. Kimya. Mama mmoja aliyekuwa anauza makaa akaja akaiangalia, akanisalimu kwa Kiturkana, “Ejoka?” nikamjibu “Ejok,” akauliza imelala au imekufa. Nikamwambia inapumzika. Ilipumzika saa moja na nusu. Jumla imepumzika mara nne.

Mguu wa kulia wa suruali umelowa oili kutoka mbele. Na nyumbani, nilipokanyaga breki langoni, hakuna kilichotokea. Nilisimamishwa na kamba ya nguo. Mama Ekidor alikuja akalivua shuka usoni mwangu, akaniangalia, akarudi jikoni.

Mambo manne aliyoyataja Anatole yametokea yote manne. Nimewaza sana. Jibu ni moja tu: yule fundi ameiponda mpaka ikapondeka.

Jumatatu, 16 Juni

Adome amekuja kuiona. Ameizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akasema ni nzuri, inang'aa. Akasema akina dada watapenda. Halafu, polepole, akasema siku hiyo atakuja nyuma yetu na gari, ikiwa tu itahitajika.

Nikamwambia akija nyuma akae mbali, ili asitie vumbi kwenye msafara wangu.

Hakukasirika. Huyo ndiye Adome. Anakuacha na hasira zote uzibebe peke yako.

Alhamisi, 19 Juni

Betri mpya imekuja, lakini si saizi yake. Breki nimeikaza, inalia sasa, na kulia ni dalili ya uhai.

Jioni Akaale alipita akitoka kazini zahanati. Nikamtembeza kuizunguka. Akauliza kama inawaka. Nikasema inawaka. Akauliza kama inasimama. Nikasema mambo hayo mawili hayana uhusiano. Akakaa juu ya kiti, viatu vyake vya kazi vikining'inia. Kisha akasema babake alimwahidi siku ya harusi angempeleka yeye mwenyewe, hata kwa punda.

“Sasa baba mdogo, ukisema ni hii, ni hii,” akasema. “Mimi nitapanda.”

Nilijifanya naangalia tairi.

Kama angelalamika ningekuwa na njia ya kurudi. Sasa sina. Vizuri. Sikuwa naitafuta.

Jumamosi, 21 Juni

Nimechoka, lakini lazima iandikwe leo, kabla Adome hajaisimulia.

Mpango ulikuwa kamili. Kwa kuwa ikizimwa haiwaki, niliiwasha saa mbili na nusu kwa msaada wa wanaume watano, nikaiacha ingurume langoni. Sherehe saa nne. Hesabu zangu zilisahau shanga. Wanawake walianza kumvalisha Akaale shanga juu ya gauni, shanga ya nyanya, shanga ya shangazi, hii iende juu, hapana chini, na kruza inaunguruma tu juani. Nikaimwagia maji. Ikatoa mvuke kama chai.

Akaale akatoka. Sitaeleza alivyopendeza, sitaweza. Akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno. Kwaya ikaanza. Kruza ikazima.

Nyuma yetu nikasikia mlango wa gari unafunguliwa. Ni Adome. Aliushika tu wazi.

Nikasema siendi na gari lake. Nikasema kwa sauti, bila kugeuka, kwamba binti ya Amuria hashuki hapa. Jasho linaingia machoni. Nilijua ni ujinga. Ningesema tena.

Nikamsikia Akaale sikioni. “Baba mdogo, hii inaweza kusukumwa?”

Inaweza. Hicho ndicho inachokifanya vizuri kuliko vyote. Wanawake wa kwaya wakafunga leso viunoni, wakashika nyuma, wakasukuma wakiimba. Tulipita barabara ya Napetet nzima hivyo. Watu walitoka madukani. Boda boda zikatupigia honi. Nakwambia, shajara, hakuna gari jeupe lililowahi kusindikizwa namna ile.

Kisha tukafika mteremko wa kanisa.

Kwaya iliachia, maana tulikuwa tunakwenda wenyewe. Nikakanyaga breki. Haikulia hata kidogo. Lango la kanisa likaja, nikamwona padri, nikampungia mkono kwa heshima, lango likapita. Akaale alikuwa ananishika kwa nguvu, na nilidhani analia. Tukashuka mpaka kwenye laga, ule mto mkavu, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, tukasimama taratibu, tukalala ubavu kama ngamia.

Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, hawezi kuvuta pumzi, mchanga kwenye shela.

Adome alikuja mbio na gari kutuokoa. Akaingia laga. Gari likazama mpaka mlangoni. Alishuka kwa dirisha, na viatu vyake vya ngozi, akanitazama, nikamtazama.

Akaale akakung'uta gauni. Akashika mkono wangu wa kulia, akashika wa Adome wa kushoto, tukapanda mteremko kwa miguu. Mlangoni padri aliuliza nani anamleta binti huyu. Nikasema mimi, baba yake. Adome akasema ni kweli, ni yeye. Alisema hivyo mbele ya watu wote. Sijui nifanye nini na jambo hilo, kwa hiyo naliacha hapa.

Jumatatu, 23 Juni

Kruza imetolewa laga kwa trekta. Mama Ekidor anataka iuzwe kwa yeyote atakayeibeba. Nimemwambia aliyeokoa harusi hauzwi.

Nimekaa nikachunguza kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kwenda na fundi. Na kununua kwa mtu asiyejiamini kama Mayen, anayekubali kila kasoro anayoambiwa.

Leo nimepata mtu wa Kainuk anayeuza kruza kama hii, nitaziunganisha mbili nipate moja ya uhakika. Picha ni ya upande mmoja tu, lakini upande huo ni mzuri. Nitakwenda Jumatano, peke yangu, bila fundi. Nimeongea naye kwa simu dakika ishirini. Anasema haina kasoro hata moja, na anataka pesa itangulie kwa sababu simu zake za wanunuzi hazikatiki.

Huyo sasa ndiye mtu wa kufanya naye biashara.