Miti Ishirini na Tisa Iliyovishwa Utawa

Jumatatu, 3 Februari

Naanza kuandika leo kwa sababu iko siku watu watataka kujua nani alifanya nini, na Chansom simwamini kuwaeleza.

Barua imefika kutoka mtandao wa asasi za kiraia. Mkoa wetu wote wa Nan umepewa nafasi moja. Mtu mmoja, dakika tatu, kusema mbele ya wajumbe wa mataifa huko Bangkok kuhusu malengo ya maendeleo endelevu. Dakika tatu! Mimi kusalimia tu hunichukua tano. Kura ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Cha kusema kinajulikana. Kila kiangazi moto unapanda mlima wetu, msitu unaungua, na kijito kinachotunywesha kijiji kizima kinazidi kukonda. Wananchi wapewe haki na vifaa vya kuulinda mlima wenyewe. Jambo zito hilo, linataka mtu mzito. Mimi.

Wagombea tuko wawili. Mimi, mwenyekiti wa Sauti ya Malengo Yote. Wanachama watatu: mimi, mke wangu Saeng, na shemeji yangu Thawi, aliyejiunga kwa ajili ya vitafunio. Mwingine ni Dada Chansom wa Akina Mama Walinda Mlima. Wanachama sitini na kitu, sawa, lakini kazi yao ni moja tu, huo mlima. Mimi malengo ninayo yote kumi na saba. Yako kwenye bango mbele ya duka langu la fotokopi, na picha yangu katikati.

Jumanne, 4 Februari

Chansom kaja dukani kutoa nakala ya ramani. Katabasamu. Kwa nini anitabasamie wiki ya kampeni?

Ramani ya mlima, upande wa juu karibu na chanzo cha kijito. Vidoa vyekundu ishirini na tisa, kila kimoja mti. Nikamuuliza ni vya nini. Kasema, "Kazi ya Jumapili, Kaka Bunlert, karibu sana." Karibu! Mtu anayekukaribisha haraka hivyo hataki uje.

Alipogeuka kujibu simu nikajitolea nakala yangu, mbio mbio, kwenye karatasi ndogo. Maandishi ya chini yamekatika. Si kitu. Vidoa vyote vipo.

Saeng jioni kaanza kunieleza habari za kikao cha akina mama alichohudhuria. Nikamwambia baadaye, nina uchunguzi.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Thawi kapita duka la vitambaa, kaambiwa Chansom kanunua kitambaa chote cha rangi ya chungwa. Jora zima!

Rangi ya majoho ya watawa. Na miti ishirini na tisa. Hata mtoto anajumlisha. Chansom anaandaa sherehe ya siri ya kuivisha miti utawa, kama wanavyofanya wilaya jirani. Mti ukishavishwa joho na kusomewa dua, nani atathubutu kuugusa kwa panga? Wapiga kura wakisikia, basi, kesi imekwisha. Anataka kunitilia mchanga kitumbua changu Jumapili, siku tano kabla ya kura.

Hanijui huyu. Nitaivisha mimi kwanza.

Saeng kanisubiri mezani na wali wa kunata na pilipili ya kutwanga. Kasema kuna jambo la muhimu kuhusu Jumapili. Nikamwambia ninalijua lote. Kaendelea kula.

Ijumaa, 7 Februari

Kitambaa cha chungwa mjini hakuna hata cha kufutia pua. Kamaliza chote yule mama! Nikawaza, nikawazua. Nikanunua zile ndoo za njano za sadaka kwa watawa, ambazo ndani mna joho, sabuni, dawa ya meno na samaki wa kopo. Ndoo nane. Majoho nimeyakata vipande. Sabuni zitatutosha mpaka mwakani. Samaki kala Thawi, makopo matano, akisema ni mchango wake kwa lengo la kuondoa njaa.

Mtawa Mkuu wa hekalu letu sikumwendea, ni rafiki wa Chansom. Nimekwenda ng'ambo ya mto kwa Mtawa Khamfu, ana miaka themanini na nane na masikio yake yamestaafu. Nikamweleza kwa sauti ya juu. Kaniuliza kama miti yenyewe imekubali. Nikasema imekubali.

Jumamosi, 8 Februari

Imekwisha! Nimechoka mpaka kope.

Tumepanda asubuhi. Thawi kamsukuma Mtawa Khamfu kwenye toroli la kubebea mchanga, na mto wa kuegemea mgongoni, kwa heshima zote. Nakala yangu mkononi. Kila kidoa nimekikuta na mti wake, na kila mti una alama nyekundu ya rangi shinani. Kazi safi kaifanya Chansom, amenirahisishia.

Thawi kasema mbona miti yenyewe haina jani hata moja. Nikamwambia ni kiangazi, shemeji, miti gani ina majani? Kasema ile mingine ina machache. Nikamwambia asinifundishe msitu. Ukweli ni kwamba huku juu sijafika miaka kumi na moja, lakini hilo halimhusu.

Mtawa Khamfu kasoma dua zote, mti kwa mti, hakuruka neno. Miti ishirini na tisa imeingia utawani rasmi. Nimepiga picha. Nitazituma kwa ule mtandao wa asasi kesho saa sita, wakati Chansom atakapokuwa ameduwaa na jora lake.

Jumatatu, 10 Februari

Jana sikuweza kuandika.

Jana asubuhi nimepanda mlimani kumwona Chansom akiduwaa. Wamekuja akina mama hamsini. Wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, vipya, vya kuonekana kwenye moshi. Jora lote hilo, vizibao! Mkononi wana misumeno, mapanga na reki.

Saeng alikuwa nao, kizibao kimemkaa vizuri sana. Kaniambia mbele ya watu kile alichotaka kuniambia tangu Jumanne. Ile miti ishirini na tisa ni mikavu. Imekufa. Moto ukifika, miti kama hiyo ndiyo inayorusha cheche kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ilitiwa alama ili ikatwe, waache ukanda mtupu kuzunguka chanzo cha kijito, moto ukifika pale ukose pa kupita.

Na sasa yote ni watawa.

Hakuna aliyeinua msumeno. Akina mama hata kusogea karibu hawakutaka, mwanamke na mtawa hawagusani. Mmoja kauamkia mti kwa viganja viwili, akaangua kicheko. Mwingine kauliza kwa sauti, "Haya, nani kamvisha maiti joho?" Wote wakanigeukia. Nikatazama mawinguni. Thawi, mjinga yule, alikuwa na kopo la samaki mkononi.

Hapo ndipo tukauona moshi. Upande wa pili wa mlima, mzito, unakuja na upepo.

Chansom hakunifokea. Hilo ndilo lililonitisha. Kampigia Mtawa Mkuu, kaja na pikipiki, joho limejaa upepo. Kauliza dua ilisomwa na nani. Nikasema Mtawa Khamfu. Kafumba macho. Kasema basi ni utawa halali, huyo mzee hakosei neno, na panga halitagusa mtawa akiwa yeye yuko hai.

Kisha kakuna kichwa. Kasema wanaume wa nchi hii huingia utawani wiki mbili, wakatoka wakaoa. Ikiwa mtu anaweza kuuaga utawa, mti utashindwaje? Kaanza mti wa kwanza. Kauombea radhi, kausomea maneno ya kuaga, kaufungua joho, kalikunja vizuri, halafu kasema, "Nenda salama, ndugu yangu." Msumeno ukalia. Mti wa pili. Wa tatu. Kila mmoja na maneno yake kamili, hakutaka kufupisha, na moto nao hakuna aliyeuomba usubiri.

Nimepewa reki. Nimekusanya majani makavu kama mwendawazimu. Akina mama walinipita wakinitania kila dakika, kaka mwenye malengo yote, lengo la kumi na nane ni lipi, kuchoma mlima?

Amefika wa ishirini na tano moto ukawa umetufikia. Minne iliyobaki imeungua ikiwa na majoho yake. Cheche zimevuka pale pale, zikaingia kwenye kitalu cha miche, miche mia sita ya akina mama, ya miaka miwili. Chansom kaingia ndani ya moshi kuokoa trei. Katoka na trei tatu. Karudi. Katoka na mbili. Mara ya tatu Saeng kamshika kizibao akamvuta.

Kwingine kote ukanda umezuia. Chanzo cha kijito kimepona.

Niliona aibu. Naandika hapa tu, sitalisema popote.

Lakini najiuliza. Kwa nini hakunifokea?

Ijumaa, 14 Februari

Kura. Chansom hamsini na nane. Mimi moja.

Moja! Niliipiga mwenyewe, ninaijua. Asasi yangu ina wanachama watatu. Thawi kasema kura ni siri huku akitafuna ndizi za kukaanga za meza ya Chansom. Saeng kasema hakuna haja ya siri, kampigia Chansom, na mimi pia nilipaswa kumpigia.

Katika hotuba ya shukrani Chansom kasema kosa la Jumapili ni la kikundi chake, ramani hawakuitangaza kwa wote, na asasi ikifanya kazi bila majirani kujua ndivyo inavyokuwa. Sauti ilikuwa inamkwaruza. Jina langu hakulitaja. Watu wamempigia makofi.

Nimelala nikiwaza. Mtu anachukua kosa ambalo si lake. Analipeleka wapi?

Jumatano, 19 Februari

Siamini mkono unaoandika.

Chansom kaja dukani. Sauti haina tena, moshi umemchoma koo. Daktari kamkataza kusema kwa wiki tatu, na mkutano ni Jumanne. Kaandika kwenye karatasi, akanisogezea: Kaka Bunlert, una sauti kubwa na huogopi watu. Uliuona moto kwa macho yako. Nenda ukasome hotuba yangu Bangkok. Nimewauliza akina mama wote, wamekubali.

Dakika tatu zangu! Kwenye kaunta yangu! Nikajiona kabisa, shati jeupe, kikombe cha maji, wajumbe wa mataifa wakiandika ninayosema.

Halafu akili ikanirudia. Mtu ameshinda kwa kura hamsini na nane, halafu ampe nafasi aliyepata moja? Aliyemchomea kitalu? Bure? Bunlert, amka! Huko Bangkok pana jambo. Labda wameandaa maswali ya kunikaanga. Labda hotuba ina neno la kunifunga jela.

Nimeisoma mara mbili. Neno hilo sikuliona. Limefichwa vizuri mno.

Nimemrudishia karatasi. Nimemwambia kwa heshima, "Dada, mimi huniingizi mjini." Kabaki ananitazama, macho yamejaa maji. Kakunja karatasi yake akaondoka.

Nimeukwepa mtego.

Jumapili, 23 Februari

Anayekwenda ni Saeng.

Mke wangu! Akina mama wamemchagua kwa kuinua mikono, Thawi kainua yote miwili. Siku tatu nzima kaisoma hotuba jikoni. Jana kaisoma mbele ya hekalu, akifika pale pa miche mia sita hata Mtawa Mkuu kafuta macho kwa pembe ya joho. Sikujua mke wangu ana sauti ile. Miaka ishirini na mbili kaificha wapi?

Basi limeondoka asubuhi. Kijiji kizima kimemsindikiza. Chansom kamfunga uzi mweupe wa baraka mkononi, wamekumbatiana muda mrefu. Nimehesabu pumzi kumi na nne. Watu hawakumbatiani hivyo bila kupanga kitu.

Sasa naiona picha nzima. Ramani, vizibao, kura, lile koo. Walikuwa pamoja tangu mwanzo.

Dirishani nimemuuliza Saeng kapewa nini na Chansom. Kacheka. Kanishika shavu, kasema nile vizuri, chakula kipo kwenye friji, kanipikia cha siku nne.

Siku nne! Na hotuba ni ya dakika tatu.