Petroli ya Jua, Munuki

Jumatatu, 2 Agosti 2010

Juba haina petroli. Malori yamekwama kwenye matope njia ya Nimule, na mji mzima unatembea kwa miguu. Mimi je? Nimefurahi! Leo kazini, uwanja wa ndege, nimeokota utajiri. Khawaja mmoja, mzungu, mzigo wake ulizidi kilo mbili. Mpima mizigo ni mimi, na kwenye mizani sina huruma. Akatoa magazeti yake akayatupa, nami nikayaokota. Ndani nimesoma kwamba wataalamu wa Ulaya wanachukua umeme wa jua, wanapasua maji kwa umeme huo, gesi inayotoka wanaichanganya na hewa ya moshi, na mwisho wa yote inatoka petroli ya kutia kwenye gari. Petroli! Kwa jua, maji na moshi! Hapa mtaani Munuki tuna nini kingine?

Nimempigia Kawira hapo hapo. Mama yake anatua Jumamosi saa tano asubuhi kutoka Nairobi, kuja kuniangalia kama nafaa kumwoa binti yake. Nimemwambia nitampokea mama mkwe kwa gari langu, Corona, likitembea kwa petroli niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Kawira akakata simu. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeenda sokoni Mangateen. Nimebadilishana na mfanyabiashara mmoja: yeye kachukua redio yangu na viatu vyangu vya Jumapili, mimi nimechukua paneli mbili za sola. Moja ina ufa. Ufa mdogo.

Kurudi, nikamkuta Lagu mlangoni. Lagu ni jirani yangu, dereva wa boda boda aliyekulia Uganda ukimbizini, na ana tabia ya kumchekesha Kawira. Mbele ya wapangaji wote wa kiwanja chetu akaniambia, "Mimi iko na lita kumi nimeficha. Chukua tu, upeleke gari airport." Huruma za Lagu! Nikamjibu kwamba mafuta ya kuchimbwa yamepitwa na wakati. Akatazama juu, akaniuliza, "Sasa jua yako iko wapi, Injinia?" Watu wakacheka. Dakika kumi baadaye ikanyesha, mpaka jioni. Sina shaka alifurahi.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema malaria.

Mtambo umesimama! Paneli ziko juu ya bati. Waya unashuka kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mpira wa dripu (Kawira ni nesi, hajui kwamba umepungua mmoja) unapeleka gesi kwenye sufuria ya presha (ya Kawira pia, nilimwambia ni ya maharagwe). Moshi unatoka kwenye jiko la makaa. Mwisho kuna jerikeni ya kupokea petroli, niliyoazima dukani kwa Night. Night ndiye mwenye kiwanja, mwenye duka, na mwenye jenereta inayoendesha friji yake ya soda.

Mawingu kutwa. Tangu asubuhi vimetoka vipovu vitatu. Nilikuwa navihesabu.

Alhamisi, 5 Agosti

Mawingu tena. Saa tatu nikiwa nimekata tamaa kabisa, akili ikafunguka. Kwa nini kulisubiri jua? Night ana taa mbili kubwa za ulinzi! Nikamwomba, nikazipandisha juu ya bati, nikazielekeza kwenye paneli, nikachomeka kwenye jenereta. Ndoo ikachemka vipovu! Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Hao wa Ulaya, pamoja na elimu yao yote, hili halikuwajia.

Saa nane jenereta ikakohoa. Night akasema petroli imekwisha, imebaki jerikeni moja tu, nayo si yake. Mtu ameiweka. Nikamuuliza ni nani. Akasema amekatazwa kusema. Nikamwambia huyo mtu, hata awe nani, atarudishiwa maradufu kwa petroli ya jua, na lita mbili za kwanza ni za Night mwenyewe. Akasitasita. Nikamimina mimi, kwa mikono yangu, lita zote kumi.

Saa kumi na moja, chini ya jerikeni yangu, kimiminika cha manjano! Vijiko viwili vizima! Nililia kidogo.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimemwita Kawira aje aone historia. Akanusa. Akasema inanuka mandazi. Nikamwambia wanasayansi wote walidharauliwa na watu wa karibu. Akamwita Night. Night akasema ndiyo, jerikeni ile niliyoazima dukani kwake ilikuwa ya mafuta ya kukaangia.

Wakati huo huo sufuria ya presha ikalipuka. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Kifuniko kimetua juu ya paneli. Sasa zote mbili zina ufa.

Kawira hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliniuliza taratibu kama najua mama yake anakuja kuamua nini. Najua. Kama hanitaki, Kawira hatabishana naye, alishaniambia. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaona maisha yangu bila Kawira, nikaogopa kweli.

Basi nikameza kiburi. Nikaenda kwa Lagu, nikamwomba zile lita kumi. Akafurahi, akanikumbatia! Akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida, ndugu! Jumanne ile ile mimi nimepeleka kwa Night. Nimemwambia akupe Jumamosi asubuhi, kama saplaizi, sababu mbele ya watu wewe iko na aibu ya kukubali."

Night akanitazama. Mimi nikaitazama jenereta.

Lagu alipoelewa, alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na suruali safi.

Jumamosi, 7 Agosti

Pikipiki ya Lagu ilibaki na petroli ya safari moja, kwenda na kurudi. Akaenda yeye uwanja wa ndege kumpokea Mama. Kawira na mimi tukatoka kwa miguu, yeye na mabuti, mimi na ndala, maana viatu viko Mangateen. Hatukuwahi. Njiani wakatupita, Lagu mbele, sanduku kwenye tangi, mama mkwe nyuma amefungua mwavuli, anacheka. Alinipungia mkono kama mtu anayempungia asiyemjua. Na kweli alikuwa hanijui.

Tulipofika, Lagu alikuwa ameshamweleza yote. Mama aliniweka kwenye kiti cha plastiki. Akatazama ndala zangu, akatazama miguu yangu, akauliza kama ni kweli nilichoma petroli ili niwashe taa ili nipate jua ili nipate petroli. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nilisikia maji yakidondoka kwenye bati.

Akacheka! Akasema marehemu mume wake aliwahi kufuga nyuki kwenye chumba cha kulala, na waliishi pamoja miaka thelathini. Mtu wa kujaribu vitu anavumilika, lakini lazima achungwe. Ana sharti moja tu: niape kwamba sitagusa tena jenereta ya Night. Nikainua mkono, nikaapa mbele ya wote. Akamwambia Kawira, "Huyu mchukue, lakini sufuria zako uzifungie." Kawira akalia. Nami nililia, kwa sauti kuliko yeye. Lagu akatununulia soda, zote za moto.

Jumapili, 8 Agosti

Nimeenda kanisani na ndala. Nimemshukuru Mungu kwa dhati. Nimekuwa mtu mpya, mtulivu, anayesikia ya wakubwa.

Kurudi, nikaona kitenge cha mama mkwe kinapepea kwenye kamba. Upepo! Kosa langu lilikuwa jua! Upepo haujali mawingu. Rimu ya baiskeli ninayo, mapanga ya kuzungushwa na upepo nitayakata kwenye bati, paneli zenye ufa hazihitajiki hata kidogo. Shida moja tu: upepo wa Munuki ni mvivu, unakuja na kuondoka. Lakini mwenye saluni ng'ambo ya barabara ana feni kubwa ya kusimama. Ana jenereta pia. Nilichoapa ni jenereta ya Night, ya saluni haikutajwa.

Malori yamefika asubuhi, petroli imejaa tele. Nimechukua lita ishirini, zote za feni.