Futi Kumi kwa Kumi, na Baraza

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimekuwa mwenye nyumba! Nyumba yenyewe bado haipo, lakini hilo ni jambo la wiki moja. Shangazi Mishi amenikatia kipande cha kiwanja nyuma ya nyumba yake hapa Magogoni. Bure! Sharti ni moja: tutatumia choo chake, na wa kukiosha ni mimi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Haraka ina sababu. Mwaka wa pili huu mimi na mke wangu Nusaiba tunalala chumba cha uani kwa mamake, Bi Mwanabibi. Chumba ni cha mwanawe, Hussam, aliyeko Muscat. Sasa Hussam anarudi Jumapili ijayo, anakuja kuoa. Bi Mwanabibi ameniita baada ya chakula akanieleza kwa upole wa kutisha. Hussam ataingia chumbani mwake. Nusaiba atalala na mamake. Mimi nitarudi Likoni kwa wajomba zangu mpaka nipate pa kumweka mke. Nikamwuliza ni kwa muda gani. Akasema hilo ni la kuulizwa mimi.

Nilale ng'ambo ya kivuko na mke wangu yuko huku! Haiwezekani. Nusaiba amenikabidhi elfu tisini, zamu yake ya chama, jasho la kuuza viazi karai mwaka mzima. Anataka vitu viwili tu: mlango unaofungwa kwa ndani, na pa kuweka jiko lake. Nimemwahidi vyote viwili, na feni.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepiga hesabu. Chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Nilidhani nyumba ikiwa robo, gharama nayo ni robo. Kumbe sivyo! Mlango wa kijumba bei yake ni ile ile ya mlango wa jumba, maana binadamu wa kupita ni yule yule. Lori la mawe kutoka Mwakirunge linatoza safari, halijali limejaa au limebeba nusu. Na fundi anakula chakula kizima.

Hata hivyo, zinatosha! Mawe mia tatu na ishirini, saruji, mchanga, mbao, mabati, mlango, ufundi: elfu themanini na tatu na mia sita. Zimebaki elfu sita na mia nne. Nimekwenda kununua feni, nikarudi na dele la kahawa na vikombe kumi na viwili. Feni inaweza kungoja, wageni hawangoji. Mfukoni sasa nina mia sita.

Jumatatu, 4 Agosti

Mawe yamefika! Meupe, yamechongwa vizuri, bado yananukia vumbi la timbo yalikochimbwa. Nimeyapapasa yote.

Fundi Ruwa, mtu wa Kaloleni, si msemaji. Alitaka kuanza na ukuta. Nikamwuliza watu watakaa wapi. Akauliza watu gani. Hapo nikajua ana mengi ya kujifunza. Nyumba bila baraza ni kibanda cha kuuzia sigara. Isitoshe, nyumba ikiwa na futi kumi tu, mgeni utamweka wapi? Juu ya kitanda? Tena mwenye nyumba anahitaji pa kukaa akisimamia kazi. Kwa hiyo tunaanza na baraza. Ruwa alisema kwao huanza na ukuta. Nikamkumbusha mwenye nyumba ni nani. Akachukua mwiko wake.

Jumanne, 5 Agosti

Baraza limekamilika! Futi kumi na nne, limeizidi nyumba kwa futi mbili kila upande, pana kiasi cha mtu kujinyoosha. Kabla ya alasiri lilikuwa na watu watano. Wa kwanza kukaa ni Mzee Nassor, aliyestaafu bandarini na hana haraka na lolote. Akasema hajaona baraza kama hili Kisauni nzima. Nilitokwa na machozi kidogo.

Jirani yangu Chrispine naye ameanza kujenga, nguzo na mabati matupu. Hana hata pa kuegesha makalio. Nimemhurumia.

Jumatano, 6 Agosti

Kuta za Chrispine zote zimesimama. Zangu zimefika magotini. Si kosa la mtu. Mzee Nassor aliona dirisha litaingiza jua la asubuhi, Ruwa akalihamisha. Mwenzake wa barazani akaona kule litaingiza moshi wa jirani, Ruwa akalirudisha. Mashauri ya namna hii wengine wanayalipia! Mafundi wa Chrispine nao wakija kupumzika wanakaa kwangu, na kahawa wanakunywa yangu.

Nusaiba amepiga simu kuuliza tumefika wapi. Nimemwambia watu wameshaanza kututembelea. Amefurahi sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Mawe yamekwisha! Ukuta umenifika kifuani, na hakuna jiwe hata moja la ziada. Nilimpigia dereva wa lori nikamwita mwizi. Ruwa akaniacha nimalize, kisha akahesabu kwa kidole. Ukutani mia na themanini. Barazani mia na arubaini. Jumla mia tatu na ishirini. Akasema alijua tangu Jumatatu, lakini mwenye nyumba ni mimi.

Na leo Chrispine amehamia! Redio yake inasikika hadi barabarani.

Sikukata tamaa. Nilimwambia Ruwa tuezeke hapo hapo kifuani. Nyumbani mtu ama amekaa ama amelala, kusimama kuna kazi gani? Ruwa aliosha mwiko wake, akaufunga kwenye gazeti, akaenda zake.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala nimewaomba wa barazani mchango. Wamenichangia mawazo.

Tukiwa hapo akaja Nusaiba, hakunipa habari, jiko lake mkononi. Alikuwa amekuja kuangalia litakaa wapi. Akaona ukuta wa kifuani. Akaona wanaume kumi na mmoja wamekaa na vikombe. Nilimwambia ajaribu kukaa, aone baraza lilivyo pana. Akakaa kweli. Akaliweka jiko mapajani, akatazama mbele, machozi yakamtoka bila sauti. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nilitamani Likoni.

Kisha akajifuta kwa ushungi wake, akainuka, akamwamkia Mzee Nassor shikamoo kwa adabu zote.

"Wazee wangu, mumestarehe hapa siku nne," akasema. "Sasa nawaomba, kila mmoja ainuke na jiwe alilokalia."

Mzee Nassor alitazama kikombe, akatazama jiko lile, akainuka. Chrispine akaleta nyundo na sururu. Saruji ilikuwa bado changa, mawe yakatoka kama meno ya mtoto. Ruwa alipigiwa simu akafika dakika hiyo hiyo, nadhani hakuwa amekwenda mbali. Mimi nilipewa ndoo nikachote maji.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukuta umefika juu! Mbao zimepanda, mabati yamepigiliwa, mlango umetiwa. Hakuna aliyeniuliza lolote kutwa nzima, na kazi ilikwenda mbio ajabu. Nimechota ndoo arubaini na tatu.

Jumapili, 10 Agosti

Tumehamia! Kitanda kimeingia, jiko limepata kona yake, na katikati imebaki nafasi ya mtu mmoja kugeuka. Nusaiba aliufunga mlango kwa ndani. Akaufungua. Akaufunga tena, mara tatu, huku akicheka peke yake. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Amesema amenisamehe, ila fedha zitakaa kwake tangu leo. Nimeona ni haki. Nimemwambia wallahi nimebadilika.

Jumatatu, 11 Agosti

Shemeji Hussam amekuja kututazama. Akagonga ukuta kwa ngumi, akauliza ni nani aliyesimamisha nyumba ya mawe kwa siku nane. Shangazi Mishi alikuwa amesafiri wiki nzima, hajui lililopita, akasema ni mimi. Nusaiba alikuwa sokoni kutafuta viazi. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Hussam ana kiwanja kule Mwakirunge. Anataka akimaliza fungate yake akute nyumba yake ya vyumba vitatu imeshaanza, na atampata wapi msimamizi kama mimi? Amenipa bahasha, laki tatu taslimu! Akauliza tutaanza na msingi au na kisima.

Nimemwambia asijisumbue, yuko mikononi mwa mtu anayejua. Kesho lori la kwanza la mawe. Baraza la pande tatu!