Gari Langu Halivuji

Jumatatu, 3 Juni

Mama Watoto ametoa amri. Wala hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelala vizuri, maana kelele zake nazijua, huisha kabla chai haijapoa. Leo ameongea taratibu, huku anatunga uzi kwenye sindano. Amesema Jumapili hii gari likirudi linavutwa kwa kamba kama lilivyozoea, basi banda ni lake. Cherehani zote mbili zitahamia humo, na mimi na gari langu tutajua pa kwenda.

Nikamwambia lile si banda, ni makazi ya gari la spoti! Jekundu, viti viwili, la wazi, taa za mviringo, limetoka kiwandani yeye hajazaliwa. Akajibu kwamba yeye naye ni mtu mzima sasa, amechoka kupiga pasi nguo za wateja juu ya kitanda. Sikatai, sebuleni kwetu hapapitiki. Jana nimekalia pini. Lakini banda? Hapana.

Tatizo ni kamba. Chama chetu cha magari ya zamani kina desturi yake. Gari likikufia njiani siku ya matembezi, kama haya ya Jumapili, unavutwa kwa kamba ya chama, na kuanzia hapo unaitunza wewe. Lazima ukae nayo kiti cha mbele, peupe, kila mtu aione, mpaka gari la mwenzako nalo life. Mimi ninayo tangu mwaka jana. Imeshaacha alama kwenye ngozi ya kiti. Daktari wa Meno, mwenye lile gari la kijani, hajawahi hata kuigusa. Ananiita Bwana Kamba. Mbele za watu!

Nimekaa nikawaza. Njia za kuepuka kuvutwa ni mbili. Nitengeneze gari, au avutwe mtu mwingine kwanza. Kamba ya chama ni moja tu! Ikiwa inamvuta Daktari, itanivutaje mimi? Hesabu ya darasa la pili hii. Sijui kwa nini sikuifikiria mapema.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeiva. Daktari ni mtu wa wasiwasi. Akiona oili chini ya gari lake, atafungua injini yote aitafute inakotoka. Na sote chamani tunajua: gari la zamani likifunguliwa na mwenyewe, halifungiki sawasawa kabla ya mwezi. Litakata pumzi hata kona ya kwanza halijafika. Sitagusa chochote. Nitamwaga tu kidogo sakafuni. Mimi si mtu mbaya.

Oili lazima iwe nyeusi. Mpya ina rangi ya asali, angeshtuka. Nikaingia chini ya gari langu, nikalegeza nati ya kumwagia oili, nikakinga chupa ya dawa ya kikohozi. Nyeusi tii! Kutoka ofisi ya maji ninakofanya kazi hadi kwa Daktari ni hatua chache tu, gari lake hukaa uani nyuma ya kliniki. Nikamwaga. Kidimbwi kizuri, chini ya injini kabisa.

Nageuka, huyu hapa mlangoni na koti lake jeupe. Ananiuliza natafuta nini. Akili ikaruka. Nikashika shavu, nikamwambia jino linaniua.

Aliling'oa. Jino zima, halina hata doa, alinionyesha mwenyewe huku akishangaa. Alisema labda maumivu yalikuwa yanatoka la jirani.

Jumatano, 5 Juni

Nimetafuna upande mmoja siku nzima. Mchana nikapita kliniki kusema nimepata nafuu. Moyoni nikitarajia kukuta injini imetapakaa uani vipande vipande.

Wapi! Gari zima limesimama. Daktari kachuchumaa kando, katandika kipande cha kadibodi chini yake, anakitazama tu. Aliniambia hakupata usingizi. Nikamshauri, kama ndugu, afungue injini. Akasema hathubutu. Badala yake amenunua kopo la oili, ameliweka kwenye buti, akiona imepungua aongeze. Mwoga wa watu!

Basi chupa ya kikohozi haitoshi. Jioni nimechota ya kutosha, nikaitia kwenye chupa ya chai ya zamani, ile yenye maua. Kesho nitamwaga mpaka aite fundi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ushindi, na siyo kwa njia niliyoitegemea. Asubuhi nimevuta lile sinia ambalo hukaa chini ya gari langu miaka yote kukinga matone. Kavu! Gari lililovuja tangu siku nilipolinunua limepona lenyewe! Nadhani ni kwa sababu nilipangusa boneti wiki iliyopita.

Nikamkimbizia Mama Watoto sinia nimwonyeshe. Alikuwa ndani ya banda na utepe wake wa kupimia shingoni, anapima. Anapima! Nikamwambia asihesabu vifaranga mayai hayajaanguliwa. Akazunguka gari na utepe, mbele, nyuma, akaandika kwa chaki ukutani. Nilipomwekea sinia machoni alilitazama, akasema kwao ng'ombe akiacha kutoa maziwa hawasemi amepona, wanasema amekaukiwa. Mwanamke huyu hajui lolote la injini.

Kisha akauliza kwa nini chai ya leo inanuka gereji. Kumbe ile chupa yenye maua si ya zamani, ndiyo tunayotumia; alfajiri gizani alimwaga vilivyomo akidhani ni chai ya jana, akatia mpya. Nikanywa kikombe changu chote kuonyesha sioni tatizo. Tumbo limenguruma hadi saa za kutoka kazini, sikuweza kwenda kokote.

Ijumaa, 7 Juni

Nimechota tena, nikajaza chupa ya maua na kuimwaga nzima. Si kidimbwi tena, ni ziwa. Nilikuwa bado nimeinama pale Daktari akatokea. Nikajua leo nimekwisha. Nikafungua mdomo kutaja jino.

Lakini alinishika bega. Alidhani nimekuja kumkagulia gari. Macho yalikuwa mekundu. Alisema chama kizima hakuna aliyemjali isipokuwa mimi, Bwana Kamba. Eti gari lile aliachiwa na baba yake, na marehemu alimwambia maneno machache tu kabla ya kufa, mojawapo likiwa asisahau oili. Akaninunulia soda. Nilihisi kitu kinanikaba kifuani. Nadhani ilikuwa gesi ya soda.

Bado hataki kuifungua injini. Ameongeza kopo la pili kwenye buti. Aliniambia, ndugu yangu, ukikwama njiani oili yangu ni yako. Nikacheka sana. Mimi? Gari langu halivuji!

Jumamosi, 8 Juni

Mwenyekiti wetu amepiga simu kwa kila mwanachama. Ni mwalimu mkuu mstaafu, anaendesha gari jeupe kwa kasi ya kutisha, na bado anaongea nasi kama tumechelewa gwaride. Amesema kila mtu apime maji, upepo na oili, tena oili kwa kijiti chake, siyo kwa macho.

Maji nimepima. Upepo nimepima. Kijiti sikukigusa. Gari lisilovuja, oili yake itaenda wapi? Ule mshale wa oili kwenye dashibodi umelala kabisa, lakini ulianza kulala zamani, nimeuzoea.

Siku nzima nimeng'arisha. Nimetumia mabaki ya kitambaa cha Mama Watoto, laini kabisa. Kumbe hayakuwa mabaki. Yalikuwa mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi. Aliuchukua mkono ule, akarudi nao kwenye cherehani. Nimejisikia vibaya. Kwa kweli nimejisikia vibaya. Nikimaliza kushinda kesho nitamjengea rafu sebuleni.

Jumapili, 9 Juni

Naandika taratibu.

Asubuhi ilikuwa njema ajabu. Tulikusanyika kituo cha mafuta, rangi zote zinameremeta, kila mtu anapiga resi kidogo ili asikike. Kamba nimeiketisha kando yangu kama kawaida. Tukapanda kilima kwa msafara, upepo usoni, watu barabarani wanapunga mikono. Saa kama ile nasahau banda, nasahau ofisi, nasahau hata lile pengo la jino. Nilijikuta naimba.

Kileleni tukaegesha, boneti zote juu, vikombe mikononi, kila mtu kainamia injini ya mwenzake. Nikatoa leso yangu nyeupe, nikaitandaza chini ya injini mbele ya wote, nikawaambia wangoje. Tulikunywa hadi vikombe vikakauka. Leso nyeupe pe! Wakapiga makofi. Daktari, masikini, alipumua kwa huzuni akikumbuka sakafu yake. Ni Mwenyekiti pekee ambaye hakupiga. Alisema maisha yake yote ameona gari moja tu la zamani lisilovuja, nalo liko makumbusho, halina injini. Akaniuliza, mwanangu, umepima kwa kijiti? Nikamwonyesha leso.

Tukiwa tunarudi, nikasikia ngo, ngo, ngo. Nikaongeza sauti ya kuimba. Ikawa ngongongo. Moshi ukaanza. Nilikuwa nimeshafika mtaani kwetu! Mabati ya banda nayaona! Mama Watoto kasimama getini, mikono kiunoni. Nikazima injini kabla haijazimika yenyewe, nikasimama kando kana kwamba nafurahia mandhari.

Msafara wote ukasimama nyuma yangu. Daktari akaja mbio na kopo mkononi, akachomoa mwenyewe kijiti changu cha oili. Kikavu. Hakusema kwa kejeli, sitamsingizia. Alisema tu imekauka, tujaze, ndugu yangu, uingie nyumbani kwa injini yako.

Kopo lilikuwa limefunguliwa tayari. Kumimina tu! Nyumbani ni pale, banda ni langu, kamba hainigusi. Lakini wote walikuwa wananitazama, na leso nyeupe bado imening'inia mfukoni. Nikijazwa oili, si nitakuwa nimekiri imepungua? Na ikiwa imepungua bila kuvuja, si wataniuliza imeenda wapi? Na Daktari yupo palepale, anatokwa na jasho la huruma!

Nikasema ahsante, gari langu halivuji, halihitaji oili.

Daktari akanisihi. Mwenyekiti akasema mkataa pema pabaya panamwita. Mama Watoto akapaza sauti kutoka getini: Baba Watoto, pokea oili! Hata yeye! Mwenye kungojea banda! Hapo ndipo nilipojua kuna hila. Nikajikaza, nikarudi kwenye usukani, nikapiga stata.

Injini ililia mara moja, kwa sauti ambayo sitaki kuielezea. Kisha ikakaza, haizunguki mbele wala nyuma.

Kamba ilikuwa pale pale kandoni mwangu. Daktari aliifunga mwenyewe, kwa upole, akanivuta na gari lake la kijani hadi getini. Hakuniita Bwana Kamba hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Cherehani zimehama. Nilizibeba mimi. Naandika nikiwa ndani ya gari, uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Soksi zinanidondokea maji.

Lakini nieleze jambo la ajabu. Asubuhi Mama Watoto alitoka na furushi, akalitandaza juu ya gari. Turubai! Ameshona mwenyewe, kwa bitana nene ya makoti, lina mfuko wake wa kila kioo cha pembeni, limekaa sawasawa kama suti. Kumbe Alhamisi hakuwa anapima banda, alikuwa anapima gari. Nikamuuliza ina maana alijua tangu Alhamisi kwamba nitashindwa? Akasema alijua tangu Alhamisi kwamba litanyeshewa. Akaniletea chai, chupa mpya. Nilitaka kumwambia neno zuri, likagoma kutoka, nikamwambia tu kwamba mshono wa kushoto umepinda kidogo. Akacheka.

Kupitia upenyo wa mlango wa banda namwona anashona, dirisha limempa mwanga wote. Anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho alipoimba.

Daktari naye amepita. Amesema chini ya gari lake hakujadondoka tone jipya tangu Ijumaa, hajui kwa nini, labda ni baraka za mimi kumkagulia. Jumamosi atakuja na vifaa vyake tufungue injini yangu pamoja, bure. Nikamshukuru sana.

Nimetulia, nimetafakari, na somo nimelipata. Kosa langu lilikuwa chupa. Zilikuwa ndogo! Ningetumia ndoo, Daktari angefungua injini siku ileile ya kwanza, kamba ingekuwa kwake, na mimi ningekuwa bandani. Sasa Jumamosi anakuja hapa mwenyewe, na gari lake ataliegesha uani, hatua mbili kutoka hapa nilipo. Nimeshaazima ndoo kwa jirani.

Inabaki tu pa kupata oili nyeusi. Nimeinama kuchungulia chini ya langu. Saruji kavu, hakuna hata tone. Waseme watakavyo, gari langu halivuji.