Baridi ya Bungu kwa Kuku Mmoja

Jua la saa sita lilimkuta Semboja akisukuma baiskeli katikati ya kijiji kipya, upande wa Handeni, na ndani ya nyumba hamkuwa na mtu hata mmoja. Mwaka ule watu walikuwa wamehamia vijijini, wakaiacha misonge yao ya nyasi iliyokuwa ikipumua kama ng'ombe aliyelala, wakajenga kwa mstari na kuezeka bati. Bati likang'aa, ndani kukawaka. Wazee, watoto na mbuzi walibanana kwenye kivuli cha ukuta, kivuli chenyewe chembamba kama mkeka uliokunjwa.

Semboja akasimama. Mwizi huona mlango. Mjanja huona shida ya mwenye mlango.

Kijana huyu alizaliwa Bungu, kule milimani, na tangu utoto alikuwa akiliogopa jembe kuliko chui. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: mgahawa wa chai karibu na stesheni ya Korogwe, yeye amekaa, wengine wanabeba birika. Mwenye chumba cha mgahawa huo, Mzee Bernardo, alikwisha mwambia: "Niletee matenga mawili ya kuku kabla ya masika, chumba chako. Ukichelewa, rudi kwa baba yako ukalime."

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Bibi Mwaija, aliyekuwa akichambua mlenda kwenye ungo.

"Marahaba. Umetoka wapi na suruali ya pasi namna hiyo?"

"Bungu, bibi. Msambaa mimi. Mtani wenu."

Uso wa bibi ukafunguka. Mzigua na Msambaa ni watani. Mmoja aweza kumtukana mwenzake hata msibani, akaondoka na mbuzi wake mchana kweupe, na atakayenuna ndiye mwenye aibu. Mtani hafungiwi mlango. Semboja alilijua hilo, ndiyo maana alilitanguliza.

Akatoa kwenye mfuko kipande cha debe la mafuta, kimetobolewa kwa msumari, mistari kwa mistari, kizuri kama chujio la harusi.

"Hiki kinaitwa kipumulio. Kinakaa juu ukutani, karibu na bati, kitazame milima. Chini, ukuta wa pili, tunatoboa tundu dogo. Basi kinavuta baridi ya Bungu mpaka kitandani kwako."

Bibi Mwaija akaacha mlenda. "Baridi yote ikija huku, Bungu wanabaki na nini?"

"Wanabaki na joto letu, bibi. Tunagawana. Siyo ndio ujamaa huo?"

Watu kivulini wakaangua kicheko, na anayecheka amekwisha fungua banda la kuku. Kufunga kipumulio, kuku mmoja. Na utunzaji? Kila Ijumaa Semboja angepita kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya nyonyo, kuku mwingine. "Maana vumbi likiziba," alisema kwa uchungu wa daktari, "baridi inakwama. Na baridi iliyokwama, ndugu zangu, inaoza."

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba vipande hivyohivyo alikwisha vipigilia Bungu, vikitazama Handeni, ili vivute joto.

Ijumaa zikapita, nyumba zikapoa: joto lilitokea juu, upepo ukaingia kwa tundu la chini. Semboja mwenyewe alishangaa, ila alishangaa kimoyomoyo. Siku tenga la pili lilipojaa, akayafunga yote mawili kwenye baiskeli, akaenda kuaga. Akakuta mgeni kwa Bibi Mwaija: Filomena, mama wa Bungu, ameshuka na viazi kubadilishana na mahindi. Mama huyo alikuwa ameinua shingo akitazama ukutani.

"Haa! Kile hata kwangu kipo!" akasema. "Kaka huyu alikifunga mwenyewe. Kinatuletea joto la kwenu, ila mpaka leo nalala na blanketi mbili."

Kuku mmoja tu ndiye aliyetia neno, tengani.

"Semboja," akasema Bibi Mwaija kwa upole, huku watu wakisogea. "Nijibu mbele ya hawa. Wewe ni mtani wetu, au si mtani?"

Semboja akapiga hesabu ya haraka. Akisema si mtani, basi ni tapeli aliyeingia nyumba za watu kwa uongo. Mwenyekiti wa kijiji yuko pale, na shamba la kijiji lina magugu yanayomngoja tapeli. Akisema mtani... Akayatazama matenga yake.

"Mtani, bibi."

"Alhamdulillahi! Mwenzenu kasema!"

Basi wakamtania. Tenga la kwanza likashuka, la pili likafuata. Baiskeli ikapata mpandaji. Mzee mmoja akaijaribu kofia ya Semboja, ikamkaa. Filomena, Msambaa mwenzake, hakuwa na haki ya utani, lakini bibi alimpa jogoo mkubwa, awe fidia ya zile blanketi.

"Mbona umenuna, mtani?" wakamuuliza.

"Nani kanuna?" Semboja akacheka. Akacheka mpaka njia panda, akacheka mbele ya dirisha la Mzee Bernardo bila kugeuza shingo, akaanza kupanda mlima wa kwao. Baba yake alimpokea na jembe jipya.

Bibi Mwaija alikula kuku wake mchana uleule, ndani, mlango umefungwa. Upepo ulimpuliza taratibu shingoni. Akamwagiza Filomena, aliyekuwa akifunga mzigo wake wa mahindi:

"Ukimwona mtani wangu, mwambie Ijumaa asikose. Kuna vumbi."