Unga Usiopungua

Mjanja mmoja, aliyeitwa Daktari na wote wasiomjua vizuri, alikuwa anafuta vioo vya chuo aliposikia bahati yake ikifundishwa ndani. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba chembe za madini zikipakwa kwenye unga wa magunzi ya mahindi yaliyochomwa, unga huo hukutanisha maji ya aina mbili yakawa kitu kipya, na wenyewe usipungue. Ni kama mshenga: anaozesha watu, kisha anarudi kwake vilevile alivyokuja. Unauchuja, unauosha, unautumia tena.

Daktari alishuka ngazi kabla kioo hakijakauka.

Magunzi aliyaokota sokoni, akayachoma. Madini aliyakwangua kwenye bomba bovu. Yalibaki manukato ya kweli ya kumimina kwa siri, nayo ni ghali, basi akaiweka rehani cherehani ya mkewe, aliyekuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Mke angerudi Jumapili. Hadi hapo unga ungekuwa umeuzwa, cherehani imekombolewa, na mke asingejua kama ilitoka kupunga hewa.

Aliyemlenga ni Mama Marashi, mwenye duka la manukato, mwanamke mpole aliyependa cha bure kuliko usingizi. Jumatatu, kwenye chumba cha nyuma, Daktari alichanganya maji na spiriti, akatia unga, akakoroga kwa heshima ya mtu anayezika mfalme, na mkono wa shati lake ukatema chupa nzima. Chumba kikanukia mawaridi. Akachuja unga, akaukausha, akaupima: uzito uleule. Tazameni elimu, wajukuu zangu. Unga haukufanya lolote, na ushahidi kwamba umefanya kazi ni kwamba haukufanywa lolote.

Mama Marashi alisifu sana. Akauliza tu kama kweli unatumika tena. Daktari akajibu kwamba hata mara mia.

"Basi kesho tuone ya pili, mwanangu. Ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa kukamuliwa mara moja."

Jumanne kikaondoka kitanda kulipia chupa nyingine. Jumatano kabati. Kila jioni Mama Marashi alijaza vichupa, akabandika karatasi, na foleni ya wateja ikafika kwa fundi viatu. Mizani ilisema uzito uleule. Aliyepungua ni Daktari.

Jumamosi nyumbani ulibaki mlango. Akaenda dukani, akaketi juu ya ndoo mbele ya Mama Marashi, akakiri yote: magunzi, bomba, cherehani.

"Najua, baba," alisema Mama Marashi. "Tangu Jumatatu shati lako linavuja."

"Ukaniacha niendelee?"

"Ungenimiminia kitu kibaya ningekufukuza. Lakini manukato yako ni mazuri mno."

Akamsindikiza mpaka nje, maana wateja walikuwa wanangoja.

Mke, aliyerudi siku moja kabla, alimtangulia kufika nyumbani. Alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu, mzigo ungali kichwani. Mumewe alipoingia alimnusa shingo, akanusa na mkono wa shati.

"Anaitwa nani?"

Daktari, aliyepata kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, akaanza kueleza kwamba kuna chembe za madini, zinapakwa kwenye magunzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mkewe kweli tupu, na hakupata mnunuzi.