Malalamiko Kuhusu Ukurasa wa Arobaini na Moja

Arusha, karibu na Boma,
tarehe 14 Aprili 1912

Kwa Bwana Mhariri wa Gazeti,

Salamu na heshima nyingi. Mimi ni mzima, na ninaomba barua hii ikukute mzima vilevile, tena ukiwa umeketi, kwa maana ni ndefu.

Naitwa Shabani bin Sefu, mzaliwa wa Pangani. Nilifundisha kusoma, kuandika na hesabu katika shule ya Serikali huko pwani kwa miaka kumi na miwili. Sasa ni mzee, na watu wote wa mji huu, hata wasionipenda, huniita Mwalimu. Sijawahi kuandika gazetini. Mambo yaliyonifikisha hapa ni mazito, nami nitayaeleza kwa utaratibu.

Kuna kitabu cha mapishi. Mwenye kitabu ni mama mmoja aitwaye Tunu, ambaye kwa miaka minne alikuwa mpishi wa Bibi wa Kidachi, Mjerumani mwenye shamba kule Usa. Bibi huyo aliporudi Ulaya alimwachia Tunu kitabu chake, kinene, chenye jalada jeusi na madoa ya siagi. Tunu hajui kusoma. Aliwaita wanawake wenzake saba, wa mjini na wa mlimani, Waislamu na Wakristo, wakaunda chama. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukutana uani kwake, ng'ambo ya mto Kijenge, wakafungua kitabu, wakachagua chakula wasichowahi kukipika, wakakipika pamoja na kukila pamoja. Kwa kuwa kitabu hakijisomi, niliitwa mimi. Mwaka wa pili huu ninaketi kwenye kigoda karibu na jiko, kitabu mapajani, nikisoma nao wakipika. Msomaji hupewa sahani ya kwanza. Hiyo ndiyo desturi yao, wala sikuiomba.

Sasa, Bwana Mhariri, sikiliza jinsi kitabu kinavyotendewa.

1. Ukurasa wa arobaini na moja unahusu wali wa nazi. Maagizo yake hayana utata: tui jepesi litangulie kuchemka na mchele, tui zito limwagwe mwisho, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nilisoma hivyo kwa sauti ya kutosha darasa la watoto sitini. Mama Nosim, mwanamke wa Kiarusha mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alichukua kibuyu cha maziwa akakimimina chote chunguni. Nilipomkataza alinijibu mbele ya wote, "Mwalimu, ng'ombe wangu yuko hapa, anakusikia. Mnazi wako uko wapi?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Ni kweli kwamba nazi hufika hapa kwa shida, kwa treni mpaka Moshi na kwa vichwa vya wapagazi kutoka huko. Lakini kitabu hakikuuliza habari za treni.

2. Mwezi uliofuata, badala ya mchele walitia ndizi, kwa hoja kwamba mchele uko dukani na ndizi ziko nyuma ya nyumba. Kwa hoja ya namna hiyo mtu anaweza kula mlango wake.

3. Iliki ni saba. Kitabu kinasema saba. Walitia tatu, wakadai kwamba hazina tofauti. Nilisimama nikaomba pishi lile lianzwe upya. Halikuanzwa upya.

4. Ukurasa wa sitini na tatu unahusu papa mkavu, arowekwe tangu asubuhi, kisha apikwe kwa ndimu na bizari. Nilimpata papa mwenyewe kwa mfanyabiashara anayetoka Tanga, nikambeba kwa mikono yangu toka sokoni, na mbwa watano wakanisindikiza. Mama Nosim hakutaka hata kumtazama. Alimwita nyoka wa majini, akamfunika kwa ungo, akaweka jiwe juu ya ungo ili asitoke. Nilimweleza kwamba papa huyo alikufa tangu Ramadhani. Akasema nyoka nao hujifanya wamekufa.

5. Kitabu kinaagiza kwamba kabla ya kufunika chungu mpishi aseme Bismillahi. Hapo Mama Nosim aliuliza, kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda, "Kumbe Wadachi nao husema Bismillahi?" Nilimjibu kwamba kitabu hiki ni cha zamani. Jibu hilo lilitosha, lakini waliendelea kutazamana.

Bwana Mhariri, hayo yote niliyavumilia. Nilimzika marehemu mke wangu, Mwamvua, ambaye hahusiki kabisa na malalamiko haya, miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo nimejifunza kuvumilia mengi. Lakini yaliyotokea tarehe sita ya mwezi huu hayavumiliki.

6. Mama Nosim ana binti aitwaye Resiato. Binti huyu alikaa miaka mitatu kwa mke wa mchungaji, na huko akajifunza kusema Kidachi na kukisoma, jambo ambalo hakuna aliyeniarifu. Ameolewa mwaka huu, na mwezi huu ndio alioingia chamani. Alinijia nilipoketi, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, babu. Naomba na mimi nikitazame." Akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Sina la kulalamikia katika adabu yake, na jambo hilo limeniongezea uchungu, kwa maana mtu akikuvunja kwa adabu huna pa kumshika.

Alifungua ukurasa wa arobaini na moja. Akakunja uso. Akasema kwamba hapo pameandikwa habari za kabichi, namna ya kuikata nyembamba na kuichachisha kwa chumvi ndani ya pipa. Nilimwambia ageuze. Akafungua ukurasa wa sitini na tatu. Akasema kwamba hapo pameandikwa habari za soseji za mnyama ambaye mimi Mwislamu sitamtaja katika barua iliyoanza kwa heshima. Akatafuta nazi kitabu kizima, mbele na nyuma, asiione. Nilisikia chungu kikitokota. Mimi nilisema kwamba macho ya vijana huruka mistari.

7. Hawakunipinga. Wangenipinga ningewajibu. Tunu alimwachia Resiato kitabu ili asome chakula cha siku hiyo, na mimi, Bwana Mhariri, mimi niliyefundisha watu ambao leo ni makarani, nikapewa ungo wa maharage nichambue. Niliyachambua ipasavyo. Nilitoa mawe kumi na moja na mdudu mmoja.

8. Chakula kilichotoka kitabuni kwa kinywa cha Resiato kilikuwa viazi vya kuchemsha na kabichi ya siki. Walikila kama watu wanaokunywa dawa. Hata mbwa wa jirani alikinusa, akaondoka, akarudi kukihakikisha, akaondoka tena. Hata hivyo imetangazwa kwamba tarehe nne Mei chama kitaamua nani awe msomaji kuanzia sasa.

Huenda ukauliza, kwa nini mzee anahangaika kwa sahani ya wali? Nitakujibu. Hapa kwetu mwanamume hakai uani kwa wanawake wanapopika, ila awe na kazi. Kazi yangu ni kusoma. Nikinyang'anywa kitabu siwezi tena kupita mlango ule. Nitapita barabarani tu, nitoe salamu, niende zangu. Siku nyingine zote za mwezi ninakula peke yangu chakula ninachokipika mwenyewe, na sitakueleza kinavyokuwa. Siandiki hivi ili nihurumiwe. Ninaeleza taratibu za mji.

Kwa sababu hizo ninaomba gazeti lako litamke hadharani mambo yafuatayo, na kama una njia ya kuwafikishia wakubwa wa Serikali, yafanywe amri.

Kwanza, kwamba kitabu kikiwa mikononi mwa mwalimu, kilichosomwa ndicho kilichoandikwa.

Pili, kwamba mwanamke yeyote atakayebadilisha chakula cha kitabu aeleze sababu zake kwa maandishi, na asiyejua kuandika asibadilishe.

Tatu, kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kusoma Kidachi katika wilaya ya Arusha kabla hajatimiza umri wa miaka hamsini, isipokuwa Wadachi wenyewe, ambao wameshazoea.

Nne, kwamba ng'ombe wa Mama Nosim wazuiwe kukaribia jiko kwa umbali wa hatua mia mbili siku za mkutano, kwa kuwa uwepo wao unawapotosha wapishi.

Tano, kwamba kurasa za arobaini na moja na sitini na tatu ziondolewe kitabuni na kuhifadhiwa Bomani, ndani ya kasha lenye kufuli, kwa usalama wake. Hapo ninatoa angalizo: asiitwe Mdachi yeyote kuja kuzikagua. Wadachi wana kazi nyingi.

Sina zaidi. Unisalimie wapanga herufi wako, na mzee wa mlangoni kama yupo, na walimu wote wa pwani wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia, pengine watakumbuka. Watu wa huku wote hawajambo na wanakusalimu, akiwemo Mama Nosim, ingawa sikumwuliza.

Ni mimi, mwenye kusimamia kilichoandikwa,
Mwalimu Shabani bin Sefu

Nyongeza, tarehe 19 Aprili. Bwana Mhariri, tarishi wa barua hajaondoka, kwa kuwa mvua imefunga Meru tangu Jumatatu na mto Usa hauvukiki. Barua hii imekaa kwangu siku tano, na katika siku hizo limetokea jambo ambalo unyofu unanilazimisha kuliongeza.

Juzi alikuja Tunu na bakuli lililofunikwa. Hakuniita Mwalimu. Aliniita shemeji, kama alivyoniita zamani, alipokuwa akija jikoni kwa mke wangu kujifunza kupika, kabla hajapata kazi kule Usa. Akaniambia, "Shemeji, mimi nilikipika kitabu kile chote miaka minne. Bibi alikuwa ananisomea, napika. Ukurasa wenye doa kubwa la siagi ni kabichi. Ulikuwa kabichi tangu siku ya kwanza." Nikafunua bakuli. Akasema, "Siku ile ya kwanza, uliposema tui limwagwe kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, nilimjua anayesema. Dada Mwamvua alinishika mkono kwa maneno hayohayo." Akanieleza kwamba siku ile, wakati wa kuosha vyombo, aliwaambia wenzake wote. Wote walijua, Bwana Mhariri. Kwa miaka miwili wameniitikia "naam, Mwalimu" huku wakijua. Asiyejua alikuwa Resiato peke yake, kwa kuwa ni mgeni; mama yake alisahau kumwonya, na kitabu kilipokwisha kufunguliwa Tunu hakuona njia ya kukifunga bila kuniaibisha zaidi. Ndipo akanipa maharage, ili niwe na kazi.

Kwa hiyo ninakiri. Sijui Kidachi. Najua kuhesabu mpaka mia, kwa ajili ya kurasa, na amri tano za gwaride. Siku ile Tunu aliponiwekea kitabu mapajani, wanawake wanane walinitazama wakasubiri, na harufu ya kitunguu ilikuwa imekwisha kutoka. Nilikuwa sijala chakula cha moto pamoja na watu tangu matanga yalipoisha. Nilifungua, nikaona herufi zenye miiba. Nikasema nilichokijua.

Mama Nosim naye ameniletea ujumbe kwa kinywa cha Tunu. Anasema yeye anamheshimu marehemu, lakini nazi hakuna, na hata Mwamvua angekuwa na ng'ombe kama wake angeyatia maziwa. Nimelifikiri neno hilo siku mbili. Pengine angeyatia.

Chama hakitaki kuchagua msomaji tena. Tarehe nne Mei nitaketi kwenye kigoda changu, na Resiato ataketi mkekani mbele yangu na daftari jipya. Mimi nitasema, yeye ataandika kwa Kiswahili, nami nitamsahihisha. Juu ya jalada ameshaandika jina la Mwamvua, kwa herufi nzuri kuliko nilivyotazamia. Kitabu cha Kidachi nitakishika mapajani kama kawaida. Tunu anasema si lazima, lakini mimi sijazoea kusoma bila kitabu.

Ninaomba basi usiichape barua hii, na maombi yangu yote matano uyafute. Ng'ombe waachwe walipo. Maharage nimejitolea kuyachambua mwenyewe, kwa kuwa siku ile hakuna aliyevunjika jino.

Malalamiko nayo yafutwe yote, isipokuwa lile la tatu. Iliki ni saba.